Kifurushi Nyuma ya Mlango

Ndugu zangu, alasiri hii sina mengi. Nina dereva mmoja tu, pikapu yake, na mkewe. Nitawapakieni nyote nyuma, kina baba huku na kina mama kule ng'ambo ya pazia, na atakayesinzia njiani tutamwacha korongoni.

Dereva huyo alikuwa akibeba mbaazi kutoka vijiji vya mlimani na kuzishusha mnadani. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hilo mapema kwa sababu mbele ya safari mtataka kumkasirikia, na mimi sitaki. Hakuwa mlevi wala mgomvi, swala hazikumpita, na akimkuta bibi kizee njiani na mzigo wa kuni alimpakia mpaka mlangoni kwake.

Siku moja ya masika alipanda kijiji ambacho barabara yake iko vichwani mwa watu. Ukiitafuta ardhini huioni. Alipokuwa akivuka korongo, gurudumu la mbele la kushoto likagonga jiwe lililojificha chini ya mchanga. Gari likaruka, likatua, likaendelea. Akashuka, akainama, akachungulia chini, akaona kila kitu kipo mahali pake. Akamshukuru Mungu, akapanda, akaenda zake.

Aliporudi kwenye barabara kuu ndipo alipoona jambo. Akiuweka usukani katikati, gari linavuta kushoto kama punda anayejua njia ya kwao. Ili liende sawa, ilimbidi aupinde usukani kidogo kulia na aushikilie hapo hapo. Afanye nini? Akaliongezea upepo tairi la kushoto. Wapi. Akayabadilisha matairi, la huku akalitia kule, la kule akalitia huku. Gari likavuta vile vile. Basi akasema maneno tunayoyasema sote tukishindwa: litakaa sawa lenyewe.

Nyinyi mafundi wa bodaboda mnaocheka hapo nyuma, mmewahi kuona chuma kilichojinyoosha chenyewe? Mimi sijaona. Gari halikukaa sawa, ila dereva alikaa vibaya akazoea. Masika yakaisha, mbaazi zikavunwa, na mikono yake ikajifunza kuupinda usukani bila yeye kuiambia. Bega la kushoto likapanda, la kulia likashuka. Ukimuuliza gari likoje, atakujibu, "Halina neno."

Sasa, mwaka ule ule alikuwa ameoa. Alimwoa mwanamke aliyewahi kuolewa mji mwingine, akaachwa. Dereva alijua kwamba ameachwa, hakujua zaidi. Hakuuliza, maana aliona kuuliza ni kumtonesha mtu kidonda. Alifikiri heshima ni kunyamaza, na mara nyingi ni kweli. Mwanamke mwenyewe alikuwa mpole, mlenda wake ukiuonja hutaki kunawa mkono. Ila alikuwa na tabia moja. Hawezi kusema jambo lolote bila kutanguliza msamaha. "Nisamehe, chumvi imekwisha." "Nisamehe, nadhani mvua inakuja."

Mumewe akimtania, "Mvua nayo umeileta wewe?" Atatabasamu. Kesho yake anaanza tena, nisamehe.

Asubuhi moja dereva akakuta tairi la mbele limelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinachungulia. Akasema leo ni leo, lazima liende kwa fundi. Akaingia ndani kutafuta jeki aliyokuwa ameisahau siku nyingi nyuma ya mlango wa chumbani, chini ya gunia. Mkewe alikuwa kisimani. Akaliinua gunia. Pembeni ya jeki akakuta kifurushi kimefungwa kwa kanga, kimekazwa fundo dogo zuri.

Akakifungua. Gauni moja. Kanga nyingine. Kandambili. Kitana, mswaki, na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye nailoni. Basi. Ni vitu vya mtu anayeondoka.

Ndugu zangu, alikaa kitandani. Nimemkosea nini? Akazipitia siku zao zote kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani. Hajawahi kumpandishia sauti, mkono ndiyo kabisa. Sukari haijapungua ndani. Kumbe mwenzake analala kila siku na safari nyuma ya mlango. Tena, ni nani anayemsubiri huko aendako? Shetani naye hakuwa mbali, alikuwa ameshakaa kitandani pale pembeni yake. Mtu mwema akidhaniwa mbaya huumia kuliko mbaya, kwa sababu yeye hakuwa amejiandaa. Dereva akakifunga kile kifurushi, akachukua jeki, akatoka.

Kwa fundi alikaa kwenye benchi, macho yako garini, moyo uko nyumbani. Fundi akapitisha kiganja juu ya tairi lililolika, mbele na nyuma, kama anayempapasa ng'ombe wa kununua. Kisha akafunga uzi kwenye gurudumu la nyuma, akauvuta kwa urefu wa gari hadi gurudumu la mbele, akafanya hivyo pande zote mbili.

"Suka, hebu njoo utazame," alimwita dereva. "Uzi umenyooka. Gurudumu lako limeukimbia."

Akaingia chini ya gari, akamwonyesha fimbo ya chuma inayoyaunganisha magurudumu ya mbele ili yatazame njia moja. Ilikuwa imepinda, si sana, kama kidole cha mzee. "Uligonga wapi?"

"Jiwe. Zamani, wakati wa masika."

"Basi tangu masika magurudumu yako hayaelewani. Moja linakwenda mnadani, jingine linarudi nyumbani."

"Mbona nilikuwa naenda sawa tu?"

"Ulikuwa unalilazimisha," alisema fundi, akaingia tena chini.

Akaitoa ile fimbo, akaweka nyingine, akapima kwa uzi wake mpaka akaridhika, na usukani akauweka katikati. Alipomkabidhi funguo alisema, "Siku za mwanzo ushike kwa vidole tu, usiubane." Dereva aliitikia ndiyo, ndiyo. Hakusikia. Alikuwa amekwisha kata shauri.

Kesho yake baada ya chai alimwambia mkewe, akitazama dirishani, "Jiandae, nikupeleke kwa kaka yako."

Kaka huyo ndiye aliyemwozesha, baba yao alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mwanamke yeyote anajua maana ya maneno hayo yakisemwa kwa sauti ile. Dereva alisubiri aulizwe kwa nini. Alitaka aulizwe, nawaambia kweli. Alikuwa na maneno yake yote tayari, ameyapanga usiku kucha. Mkewe hakuuliza. Aliosha vikombe, akavifunika, akaenda nyuma ya mlango, akatoka na kifurushi. Kwisha. Mume akasema moyoni, umeona? Alikuwa tayari siku zote.

Wakapanda. Kutoka pale hadi kwa kaka ni lami mpya, imenyooka mpaka macho yanachoka. Mke amekaa kushoto, kifurushi mapajani. Mume usukanini. Na gari, ndugu zangu, gari lililotoka kwa fundi jana, likaanza kwenda kulia.

Akalirudisha. Likaenda tena kulia, likavuka ule mstari wa katikati. Lori lililokuwa linakuja mbele likapiga honi ndefu, naye akaivuta pikapu upande wake huku jasho linamtoka. Hatua chache mbele, likaelekea kulia tena. Akasimama kando ya barabara, akaupiga usukani kwa kiganja.

"Fundi ameniharibia gari. Jana lilikuwa linavuta kushoto, leo kulia. Narudi kwake sasa hivi."

Mkewe alikuwa amejibana mlangoni alipoupiga usukani. Kisha akasema, "Nisamehe. Naomba kusema kitu."

"Sema."

"Siyo gari. Ni wewe unayelipeleka kulia."

"Mimi? Mimi nimeanza kuendesha magari hata bado hujavunja ungo."

"Najua, mume wangu. Lakini mikono yako inaupinda usukani kama siku zile lilipokuwa bovu. Hata bega bado umelishusha. Twende taratibu, halafu uuachie kidogo, uone."

Ingekuwa siku nyingine angecheka. Siku ile alikuwa amechoka hata kubisha. Akatazama mbele na nyuma, barabara ilikuwa tupu. Akaliondoa gari polepole, akaikunjua mikono yake, akaiweka hewani juu ya usukani.

Pikapu ikaenda. Ikapita nguzo ya umeme, ikapita nyingine, imekaa upande wake, imenyooka kama uzi wa fundi. Haikwenda kushoto wala kulia. Dereva aliiangalia mikono yake kama ya mtu mwingine. Kile chuma kilikuwa kimekwisha badilishwa tangu jana. Mikono ndiyo ilikuwa bado inapigana na gari ambalo halipo tena.

Akausogeza usukani kwa vidole, akaliegesha gari kivulini. Akauliza, na safari hii hakuwa na ukali, "Umejuaje habari za mikono yangu?"

"Huwa naitazama."

"Kwa nini uitazame?"

Mkewe akalisokota lile fundo la kanga. "Nilizoea. Kule nilikotoka, ukiitazama mikono ya mwanamume unajua mapema."

Ndugu zangu, hapo ninyi mmeelewa. Yeye pia alielewa, na alitamani asingeelewa. Alikitazama kile kifurushi mapajani kwa mkewe kana kwamba ndiyo anakiona kwa mara ya kwanza.

"Na hicho?" aliuliza.

"Yule wa kwanza alinitoa nje, mvua inanyesha, nina kanga moja tu mwilini. Nilitembea hivyo mpaka kwa watu nisiowajua. Tangu siku ile silali kwenye nyumba kama nguo zangu hazijafungwa. Siyo kwamba nataka kuondoka. Nisipokifunga, usingizi hauji."

"Mimi nilikifungua jana."

"Najua. Fundo halikuwa langu."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie niondoke. Ukaniambia." Akaendelea kwa upole uliomuumiza mumewe kuliko tusi, "Lakini wewe umeniacha ninywe chai kwanza. Na umenipakia garini. Nikasema, huyu ananirudisha kwa wema."

Dereva alilia. Mtu mzima, kando ya lami, mchana kweupe. Hakujifuta. Alilia kwa sababu alikuwa amekaa na mwanamke huyu masika mpaka kiangazi, na tangu jana akamhesabu kuwa anamkimbia yeye, na mwenzake alikuwa anamkimbia mtu mwingine ambaye hata hayumo nyumbani. Na yeye, kwa kuumia kwake, alikuwa amebakiza safari fupi tu kuthibitisha kwamba kile kifurushi kilikuwa na haki.

Alipoweza kusema, alisema, "Kaka yako anajua tunakuja?"

"Hajui."

"Basi twende tukamsalimie. Tukila chakula cha mchana, tunarudi kwetu."

Wakaenda. Kaka mtu alipomwona dada yake anashuka na kifurushi alisimama mlangoni akikikodolea macho kile kifurushi. Alipoambiwa ni salamu tu, alimkimbiza jogoo uwanja mzima, na mpaka leo hajui kwa nini siku ile alijisikia kuchinja.

Jioni walifika nyumbani. Mke akaingia chumbani, naye mume akamfuata kwa macho. Unadhani kifurushi kilifunguliwa? Hakikufunguliwa. Alikiweka pale pale nyuma ya mlango, sakafuni, kisha akageuka na kumtazama mumewe mikononi.

Dereva akatoka. Akarudi ameshika nyundo. Mwanamke alirudi nyuma hatua moja. Mume akasimama, akamwonyesha mkono wa pili, ulikuwa na msumari. Akaupigilia ukutani nyuma ya mlango, taratibu, kwa pigo dogo dogo, ili sauti isimshtue. Kisha akainama, akakiokota kile kifurushi, akakitundika.

"Chini kuna panya," alisema. "Watakutobolea gauni."

Naam. Najua mnalotaka kuniuliza. Mnataka kujua kile kifurushi kilikuja kufunguliwa lini, na nani alikifungua. Hilo siwaambii, kwa sababu ninyi mngeanza kuhesabu. Mngekwenda nyumbani mkasema, mke wa dereva alipona upesi, wewe wa kwangu mbona bado?

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tunaisema methali hiyo na kumcheka aliyeshtushwa na kipande cha ukuti wa kushonea mkeka. Nani kati yetu amewahi kukaa upande wa ung'ongo? Sisi wengi ndio ung'ongo. Hatujamuuma mtu, na bado tunaogopwa. Mtoto uliyemchukua kwa marehemu ndugu yako anaficha kipande cha muhogo chini ya mto. Mume aliyekuoa hakwambii anakokwenda, kwa sababu mama aliyemlea alikuwa akimcheka kila alipotoka. Tunaona kifurushi, tunachukia. Tunasema, mimi nimekufanya nini? Tunaapa, mimi siyo yule! Sasa lile gari, mlilisikia likiapa? Halikusema hata neno. Lilikwenda sawa tu, nguzo kwa nguzo, mpaka mikono ikaamini.

Na kuna jambo ambalo linanigusa mimi pamoja na ninyi. Sisi tumetubu. Wengi wetu tulikwisha kuja kwa Mola wetu, tumelia, tumeomba, na tunajua kwamba Yeye ni Mwenye kusamehe. Kila swala tunamwomba njia iliyonyooka. Lakini tazameni tukitoka hapa, jinsi kandambili zetu zilivyopangwa mlangoni, zote zimegeuzia vidole nje, tayari kwa safari. Nacheka, lakini ndivyo mioyo yetu ilivyo. Tunasujudu huku tumefunga kifurushi. Tunamtazama Mola wetu tukidhani atakuwa kama baba aliyetupiga, au kama mwalimu, au kama yule tuliyempenda akatutoa nje kwenye mvua. Tunasema nisamehe, hata kwa mvua ambayo tunajua ni Yeye aliyeileta kwa rehema. Na Yeye hajachoka nasi. Hajatuambia, mmenidhania vibaya, rudini kwenu. Anatuacha tukae, kifurushi chetu kikiwa pale pale, na asubuhi anatuamsha tena.

Kama Yeye anatuvumilia hivyo, sisi ni nani tusivumiliane?

Inukeni sasa, jua linakwenda. Mkifika nyumbani, kabla hujauliza chakula kiko wapi, angalia nyuma ya mlango. Ukikuta kifurushi, usikifungue. Tafuta msumari.